Kabla ya Bando Kulikuwa na Willy Gamba: Wapelelezi wa Vitabu vya Mfukoni na Wasomaji wa Bugwema Wasiotajwa Popote

Saa nne usiku, Bugwema, Musoma Vijijini. Taa imezimwa ili bi mkubwa ajue watu wamelala, lakini chini ya blanketi kuna mwanga wa simu. Mpelelezi ananing'inia kwenye ukingo wa ghorofa ya tisa, Dar es Salaam. Adui yuko dirishani na bastola. Kidole kinasukuma skrini haraka, halafu chini pale pameandikwa: ITAENDELEA. Ukitaka sehemu ya 48, tuma buku.

Kijana huyo hatajwi jina hapa, na hakuna haja. Wapo wa aina yake Masinono, wapo Muhoji, wapo Bunda stendi na Butiama, wapo Mbagala. Kila mmoja anadhani kitu anachosoma ni kipya, kimeletwa na simu. Si kweli. Yule mpelelezi wa ghorofa ya tisa ana baba, ana babu, na ukoo wake una zaidi ya miaka sitini kwa Kiswahili.

Na kuna jambo ambalo watu wa Mara wengi hawalijui: mwaka ambao ukoo huo ulipata shujaa wake mkubwa kuliko wote, ndiyo mwaka ambao Musoma ilitoa uamuzi uliokuja kumtafutia wasomaji. Twende taratibu.

KARATASI YA BEI CHEE

Mwanzo kabisa ilikuwa Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na majarida ya hadithi yaliyochapwa kwenye karatasi duni kabisa, ile inayotengenezwa kwa rojo la mbao. Ilikuwa na rangi ya njano, mikwaruzo, na ilichanika ukiishika vibaya. Bei yake ndiyo iliyoleta wateja: mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuinunua.

Humo ndani ndimo alimotoka Tarzan mwaka 1912, na Zorro mwaka 1919. Zorro alivaa kinyago na joho, mchana tajiri mpole, usiku mtetezi wa wanyonge. Ukiona kama unamfahamu, hujakosea. Batman alipotokea mwaka 1939 alikuwa na damu ileile. Uingereza nako, Sherlock Holmes alikuwa amezaliwa tangu 1887, na mwaka 1953 akaja James Bond. Hawa ndio waliovuka bahari kwa meli, kwa masanduku ya mabaharia na kwa vibanda vya vitabu vya mitumba, hadi pwani yetu.

Maprofesa wa vyuo vikuu wana jina la vitabu vya namna hii kwa Kiswahili: riwaya pendwa. Ni jina zuri, ila kwa muda mrefu lilitamkwa kwa kukunja pua kidogo. Kwamba hizi si fasihi za maana, ni za kupotezea muda. Shika hilo, tutalirudia.

MZEE WA KIKO KUTOKA UNGUJA

Mpelelezi wa kwanza maarufu wa Kiswahili hakuwa na bastola. Alikuwa na kiko.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Humo ndimo tulimpata Bwana Msa, mtu mtulivu, mvuta kiko, anayetembea na rafiki yake Najum. Najum ndiye anayeshangaa kwa niaba yetu. Anauliza maswali ambayo sisi wasomaji tunataka kuyauliza.

Ndiyo, mtu akikwambia Bwana Msa ni mtoto wa Sherlock Holmes, usibishe. Hata mpangilio wa marafiki wawili, mmoja kichwa na mwingine mdomo wazi, umetoka huko. Lakini angalia alichokifanya Abdulla nacho. Maiti inapatikana kwenye mzimu, mahali pa matambiko, pa kuogopwa. Mtu wa kawaida atasema ni mizimu imekasirika, mjadala umefungwa. Bwana Msa anakataa kuufunga. Anauliza nani alikuwa wapi, nani anamdai nani, nani anamficha nani. Kwa msomaji aliyekulia mahali ambapo kifo cha ghafla lazima kipate mchawi wake, hilo halikuwa jambo dogo. Kitabu cha kujifurahisha kilikuwa kinamfundisha kudai ushahidi.

Vitabu vya Bwana Msa viliendelea: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

SIMU INALIA, MTU ANAKUFA

Bara nako hawakulala. Mwaka 1965 Faraj Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na shujaa wake alikuwa askari wa kazi: Inspekta Wingo. Kutoka kwenye mashamba ya karafuu tukahamia kwenye mji, magari na simu za mezani. Hebu fikiria mwaka 1965 ni watu wangapi walikuwa na simu nyumbani. Wachache sana. Lakini walioisoma walijifunza kuogopa mlio wake kabla hata hawajawahi kuushika mkonga.

Halafu likaja kundi la picha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la African Film lilileta jamaa mmoja anaitwa Lance Spearman, wenyewe walimwita Spear. Haikuwa katuni ya kuchora. Zilikuwa picha halisi za watu, zimepangwa kwenye visanduku, maneno yameandikwa juu yake, kama sinema iliyogandishwa. Spear alikuwa mweusi, kofia kichwani, sigara nene mdomoni, suti imekaa, ngumi nzito. Kwa kijana wa Afrika Mashariki aliyezoea kuona mashujaa weupe kwenye skrini, kumwona huyu kulikuwa kama kujiona kwenye kioo.

Kichekesho cha historia ni kwamba jarida hilo lilitolewa na kampuni ya Drum, iliyoanzia Afrika Kusini ileile ya makaburu. Miaka michache baadaye shujaa wa Kitanzania atakuja kupambana na majasusi wa nchi hiyohiyo.

MUSOMA, NOVEMBA 1974

Hapa ndipo Mara inapoingia.

Kitabu bila msomaji ni karatasi tu. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 wa nchi hii, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Asilimia 67! Hata ungeandika kitabu kitamu kama asali, wa kukisoma walikuwa wachache, na wengi wao mjini.

Ndipo zikaja kampeni za elimu ya watu wazima kuanzia 1970. Watu wazima wakakaa chini ya miembe na ubao, wazee na wajukuu darasa moja. Kanda ya Ziwa ikapata hadi gazeti lake la wanavijiji, Elimu Haina Mwisho, lililochapishwa Mwanza, ili waliojua kusoma wasije wakasahau. Na Novemba 1974 viongozi wa TANU wakakutana Musoma na kutoa kile kinachoitwa Azimio la Musoma. Moja ya mambo waliyoamua ni kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977, mapema kuliko ilivyopangwa mwanzo.

Matokeo yake yalionekana haraka. Kufikia 1977 wale wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi kama asilimia 27. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu walipatikana kwa haraka mno, na ubora ulilalamikiwa, hilo lisifichwe. Lakini kwa mara ya kwanza nchi ilikuwa na umati wa vijana wanaosoma Kiswahili bila kuhema.

Kwa mtoto wa Bugwema hili lilikuwa na uzito wa pekee. Nyumbani ni Kijita au Kikwaya au Kikurya. Kiswahili ni cha shule, cha mkutano wa kijiji, cha redio. Ni lugha ya kuitikia "ndiyo mwalimu". Alihitaji kitu cha kumwonyesha kwamba lugha hiyo inaweza pia kukimbizana, kutongoza, kutukana na kufyatua risasi.

Kitu hicho kilikuwa tayari njiani. Mwaka huohuo wa 1974, Aristablus Elvis Musiba alitoa kitabu kinaitwa Kufa na Kupona. Ndani yake alikuwemo Willy Gamba.

WILLY GAMBA NA VITA VYA KWELI

Willy Gamba hakuvuta kiko wala hakuvaa sare. Alikuwa jasusi wa serikali, mtanashati, mkali wa silaha, anaingia hoteli kubwa kama kwake. Ukisema ni James Bond wetu, hujakosea sana. Ila Bond alikuwa anailinda himaya iliyokuwa inakufa. Willy alikuwa analinda watu ambao walikuwa bado hawajapata nchi zao.

Ukumbuke hali ilivyokuwa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam tangu 1963. FRELIMO, ANC, ZANU, SWAPO, wote walikuwa na watu wao mjini. Majasusi walikuwa mitaani kweli, si kwenye riwaya tu. Tarehe 3 Februari 1969 kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililotumwa kama kifurushi. Na bomu hilo lilikuwa limefichwa ndani ya kitabu.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Bomu ndani ya kitabu. Mwandishi wa riwaya angeandika hivyo, mhariri angemwambia amezidisha chumvi.

Kwa hiyo Kufa na Kupona ilipoeleza nyaraka za siri za ukombozi zilizoibwa na Willy akitumwa Nairobi kuzisaka, msomaji wa Musoma hakuona ndoto za Hollywood. Aliona redio ya jioni imevaa nguo nyingine. Kikosi cha Kisasi, mwaka 1979, kikampeleka Willy Kinshasa. Njama ikafuata mwaka 1981, Hofu mwaka 1988. Kijana ambaye hajawahi kuvuka daraja la Kirumi akawa anajua mitaa ya Kinshasa kwa kuisoma. Akawa anajua kwamba kuna watu wanaitwa makaburu na kwamba vita vyao vinamhusu.

Siasa ya ukombozi ilihubiriwa kwenye mikutano, na watu walisinzia. Kwenye Willy Gamba hakuna aliyesinzia.

JORAM KIANGO HAKUWA NA BOSI

Miaka ya 1980 hali ikabadilika, na shujaa naye akabadilika.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na taasisi zake za vitabu zikaenda nayo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikakausha hazina. Sabuni foleni, sukari foleni, karatasi ndiyo usiseme. Mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Watu wakaanza kuuliza, hivi adui yuko nje au yumo humuhumu ndani?

Jibu lililetwa na Ben R. Mtobwa. Alizaliwa 1958, mtu wa Kigoma, na shujaa wake Joram Kiango alikuwa mpelelezi wa kujitegemea. Hakuajiriwa na mtu. Polisi, kupitia Inspekta Kombora, walimhitaji na kumshuku kwa wakati mmoja. Vitabu vyake vilikuwa na majina ya kukufanya usimame hapohapo kwenye meza ya muuzaji: Lazima Ufe Joram, Najisikia Kuua Tena, Salamu Kutoka Kuzimu, Malaika wa Shetani. Na kando ya Joram alikuwepo Nuru, mrembo mwenye akili ya moto.

Hapa lazima tuwe wakweli. Wanawake katika vitabu hivi mara nyingi waliandikwa kwa macho ya kiume. Kila akitokea mwanamke, kwanza tunaelezwa umbo, halafu ndiyo jina. Wengi ni chambo, wengi wanakufa ili shujaa apate hasira. Nuru alipewa kazi zaidi kuliko wengi wao, anashika silaha, anafikiri, anaokoa. Hata hivyo kitabu hakikuwa chake. Wasichana waliovisoma walilazimika kujifanya Joram, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine nzuri ya kukaa.

Mtobwa hakuwa peke yake. Hammie Rajab, Eddie Ganzel, Kajubi Mukajanga, wote walikuwa wakichapa kazi. Na kwa kuwa wachapishaji wakubwa walikuwa hoi au hawawataki, wengine walianzisha kampuni zao wenyewe. Mtobwa akaanzisha Heko. Mukajanga, ambaye baadaye aliongoza Baraza la Habari Tanzania kwa miaka mingi, alikuwa na Grand Arts Promotion. Yaani vijana wanajiandikia, wanajichapishia, wanajiuzia mtaani. Leo tungeita kujiajiri na kupiga picha ya kuweka mtandaoni. Wao waliita kuishi.

KITABU KISICHO NA MWISHO

Sasa tufike kwa watu ambao hakuna kitabu kinachowataja.

Safari ya kitabu kimoja cha Willy Gamba kutoka Dar es Salaam hadi Bugwema haikuwa ya duka la vitabu. Kilisafiri kwenye begi la mwanafunzi anayerudi likizo, au la askari, au la utingo wa basi la Mwanza kwenda Musoma. Kikiingia kijijini hakina tena mwenyewe. Kinaazimwa leo, kesho kiko kitongoji cha pili, wiki ijayo kiko kwa wavuvi ziwani. Gamba la mbele linaondoka kwanza. Halafu kurasa za mwanzo. Halafu, msiba mkubwa kuliko yote, kurasa za mwisho. Mtu amewashia moto, amesokotea tumbaku, au mtoto amezichana tu.

Unasoma kurasa 140, Willy amefungwa kamba, bomu linahesabu, unafungua ukurasa unaofuata na unakutana na hewa.

Hapo ndipo anapotokea shujaa wa pili wa historia hii. Kila kijiji kilikuwa naye. Ni yule aliyekisoma kitabu kikiwa kizima, au aliyedai amekisoma kikiwa kizima, ambaye sasa anakaa na wenzake wakichunga ng'ombe au wakipalilia pamba na anawamalizia. Anasimama, anaonyesha Willy alivyoruka, anatoa sauti ya bastola kwa mdomo. Kama hakukumbuka vizuri, anatunga. Na wakati mwingine alichotunga kilikuwa kitamu kuliko kilichoandikwa.

Msimuliaji huyo alijifunza ufundi wote bila darasa. Kukata pale ambapo watu wanataka zaidi. Kuchelewesha jina la muuaji. Kumleta Willy hadi hapa kwetu, apite Bunda, ateremke ziwani, apande mtumbwi. Hakulipwa senti. Pengine alipewa muwa au samaki wa kuchoma. Jina lake halipo kwenye maktaba yoyote, na wajukuu zake pengine wanamfahamu kama mzee mwongo mwenye maneno mengi.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Ukikamatwa na Joram chini ya dawati, kinachukuliwa na fimbo unakula. Kilichoruhusiwa ni kitabu cha kiada. Wanafunzi wenyewe walijua siri moja: vitabu vingi vilivyotaifishwa asubuhi vilionekana ofisini mchana, mwalimu amezama, chai inapoa.

Na ajabu ni kwamba ukanda huu ni nyumbani kwa mtu aliyeonyesha waziwazi kuwa Kiswahili kinabeba kila kitu. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alimtafsiri Shakespeare akiwa kiongozi wa nchi: Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Huyo Shakespeare naye, ukitoa heshima zote, ameandika nini? Mauaji, visasi, mizimu, njama ikulu. Wakati wake, watu wa kawaida walimiminika kumtazama kwa kiingilio kidogo. Riwaya pendwa ilianza zamani sana.

SKRINI INAINGIA, KITABU KINATOKA

Mwaka 1994 televisheni za binafsi, ITV ikiwemo, zikaanza kurusha matangazo Bara. Mabanda ya video yakasambaa, na huko ndiko Rambo na Van Damme walikofundishwa Kiswahili na watafsiri wa mdomo kama marehemu Lufufu. Umeona? Msimuliaji wa machungani amerudi, sasa ana kipaza sauti. Kazi ni ileile, kuchukua shujaa wa mbali na kumfanya aongee kama jirani.

Vitabu vilipungua mezani. Magazeti ya udaku na michezo yakachukua nafasi, na humo hadithi za kuendelea zikapata chumba kipya. Eric Shigongo wa Global Publishers alijenga himaya kwa hadithi za kila wiki, Rais Anampenda Mke Wangu ikiwa mojawapo ya zilizozungumzwa sana. Watu walinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja tu. Kijana aliyeuza hadithi barabarani akawa tajiri, na mwaka 2020 akawa mbunge wa Buchosa, kanda hiihii ya Ziwa.

Ben Mtobwa alifariki mwaka 2008, akiwa na miaka 50 tu. Musiba akafuata mwaka 2010. Wengi walidhani Willy na Joram wamezikwa nao.

WATOTO WA WILLY WAKO KWENYE SIMU

Hawakuzikwa. Walihamia kwenye bando.

Fungua Facebook, fungua makundi ya WhatsApp, fungua YouTube uone simulizi za sauti. Wapelelezi wamejaa. Wana majina mapya, magari mapya, adui si kaburu tena bali ni muuza unga, mtekaji, tapeli wa mtandaoni au kigogo mwenye uso wa kanisani. Ila ukikwangua kidogo unamwona Willy anacheka. Kuna kuingia hoteli kwa mbwembwe, kuna mrembo asiyeaminika, na kuna sura inayokatika bastola ikiwa hewani.

Wapo pia waandishi wanaoandika vitabu kwelikweli. Hussein Tuwa, mwandishi wa Mkimbizi na Mdunguaji, ni mmoja wa walioifufua riwaya ya kusisimua, na yeye na wenzake wakaunda UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira. Katika Mkimbizi anayewindwa, anayekimbia na anayelazimika kutumia akili ni mwanamke. Msichana wa leo anayesoma chini ya blanketi hahitaji tena kujifanya Joram. Hiyo ni hatua.

Lakini kuna kitu kimepungua, na tusikifiche. Willy alikuwa akihatarisha maisha kwa ajili ya watu asiowajua, wa Msumbiji, wa Zimbabwe. Joram alipambana na wanaoila nchi. Mashujaa wengi wa simulizi za simu wanapigania mpenzi, urithi au kisasi cha familia. Si kosa la waandishi peke yao. Shujaa huwa anapigania kile ambacho wasomaji wake bado wanakiamini. Swali gumu linabaki kwetu: sisi tunaamini nini?

NANI ANAKULA BUKU LAKO?

Turudi kwenye blanketi la Bugwema, maana hapa ndipo pana kidonda.

Simu ya yule kijana ina pia faili limeandikwa jina la kitabu cha Musiba. Kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kimetumwa kundi hadi kundi. Jingine limenakiliwa kwa maandishi, jina la mwandishi limeondolewa, limewekwa jina la mtu wa kundi, na sehemu ya pili unalipia. Buku haliendi kwa familia ya mwandishi. Haliendi kwa mchapishaji. Linaenda kwa mtu mwenye vidole vyepesi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi: haki za mwandishi zinadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake vitabu vya Mtobwa vina wenyewe hadi 2058, na vya Musiba hadi 2060. Si mali ya kila aliye na simu.

Mtu atasema, mbona zamani kitabu kimoja kilisomwa na kijiji kizima bure? Kweli. Yule msimuliaji wa machungani naye hakuwa na kibali. Lakini kuna tofauti kubwa. Yeye alisema, "Hii ni ya Musiba, sikilizeni." Hakufuta jina. Na hakuchukua hela. Alifanya kazi ya kumtangaza mwandishi, na kila aliyesikia alitamani siku moja apate kitabu kizima. Anayefuta jina anafanya kinyume: anachana ukurasa wa kwanza, ule unaosema kitabu ni cha nani.

Na wanaoumia si marehemu tu. Kuna vijana wanaoandika simulizi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, usiku baada ya kazi, sehemu kwa sehemu. Asubuhi wanakuta hadithi yao kwenye kundi la mtu mwingine. Wakilalamika wanaondolewa. Wengine wameacha kuandika. Huenda mmoja wao ndiye angekuwa Mtobwa wa Mara, na hatutajua kamwe.

Habari njema ipo kidogo. Tangu mwaka 2023 taifa linatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, kwa jina la mzee wa Butiama, na riwaya imo. Lakini tuzo inawafikia wachache. Kinachomfikia kila mwandishi ni buku la msomaji, likienda kwa mwenyewe.

Kwa hiyo leo usiku ukifika kwenye ITAENDELEA, kabla hujatuma hela angalia juu. Jina la mwandishi lipo? Ni yeye anayelipwa? Ukijiridhisha, lipa, soma, lala.

Na kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye maneno mengi, Bugwema au popote, mwulize kama anamjua Willy Gamba. Ukiona anasimama na kutoa sauti ya bastola kwa mdomo, kaa chini umsikilize. Huenda ndiye pekee anayejua mwisho wa kitabu ambacho kurasa zake za mwisho zilichanika.

Wewe ulianza na nani: Bwana Msa, Wingo, Willy, Joram, au wa kwenye simu? Na aliyekusimulia mara ya kwanza ni nani kwako? Tiririka hapo chini.